Mdomo, Macho na Kikohozi cha Kabula

Siku ya kwanza niliyopangiwa wodi ya watoto sikuruhusiwa kumgusa mtoto yeyote hadi saa sita mchana. Sista Leokadia, mkuu wa wodi, alinionyesha kigoda kando ya kitanda cha mtoto mwenye nimonia, akaniambia, "Kaa hapo. Hesabu pumzi zake dakika nzima. Ukimaliza, hesabu tena." Nilikuwa na cheti kipya, sare iliyopigwa pasi, na viatu vyeupe ambavyo tope la Ifakara lilivimaliza kabla ya wiki ya pili kwisha. Nikakaa, nikahesabu mara nne, nikapata majibu manne.

"Sasa umejua kwamba hujui kuhesabu," alisema. "Tunaweza kuanza kazi."

Nimestaafu mwaka huu, na wauguzi wa wodi hiyo hiyo wameniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu. Vyeo na mishahara nitaviacha, vina mafaili yake na nadhani panya wameshayasoma. Nitaeleza nilivyojifunza kumtazama mtoto anayekohoa, maana huko ndiko nilikokosea vibaya kuliko kwingine kote, na huko huko ndiko nilikopata furaha ninayostaafu nayo.

Leokadia alikuwa Mpogoro, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyosikika mpaka jikoni. Kila mtoto wa kikohozi alimvua nguo zote. Alitazama nyuma ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ulimi, mpaka kwenye makalio. Akina mama hawakupenda. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Sista, mwanangu anaumwa kifua, mbona unamwangalia miguu?"

"Kifua hakikuja peke yake, mama. Kimekuja na miguu."

Alinionyesha koo lililovimba na kufuatiwa na vipele vyekundu, ngozi ikikwaruza mkono kama msasa. Alinionyesha kamasi za muda mrefu zinavyochubua chini ya pua, vidonda vikafunga gamba la rangi ya asali na kuhamia kwa mdogo wa mgonjwa anayelala naye kitanda kimoja. Alinizoesha kutazama mdomo kwanza, kwa tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi, kabla mtoto hajaanza kulia na kuufunga. Tochi nilinunua mwenyewe sokoni, kwa kuwa betri za tochi ya wodi zilikuwa na tabia ya kuhamia kwenye redio ya mlinzi.

Nilikuwa na miaka mitano kazini alipoletwa Beatus kutoka Chita. Alikuwa na umri wa miaka minane, mtoto wa mkulima wa mpunga. Alikohoa zaidi ya wiki, kisha macho yakawa mekundu, midomo ikavimba, na mdomoni kukaota vidonda vilivyomzuia hata kumeza mate. Tulidhani ni surua tukamtenga. Haikuwa surua. Baadaye tukadhani ni dawa aliyopewa nyumbani, tukaisimamisha, tukaendelea kutibu kifua. Kila mtu aliyepita kitandani alisikiliza kifua chake. Macho yalikuwa kazi yangu.

Kila nilipoyaloweka na kuyafungua ili nipake dawa, Beatus alipiga kelele hadi mama yake akatoka nje. Siku ya tatu nilimkuta ametulia, amejikunyata, kope zimegandana kwa usaha. Nikasema moyoni, leo nimwache apumzike. Kesho yake pia nikamwacha. Sikumwambia mtu, na kwenye chati niliandika kwamba amepakwa dawa.

Tulipoyafungua siku iliyofuata, ngozi ya ndani ya kope la kushoto ilikuwa imeshikana na jicho. Beatus alipona kifua, akapona mdomo, akaenda nyumbani akitembea mwenyewe. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu, na kope lake halikufunguka tena sawasawa.

Nilimwambia Leokadia ukweli wote, na ile chati nayo. Nilitegemea atanipeleka ofisini, na alinipeleka. Niliandikiwa barua, na ilikuwa halali yangu. Ila kabla hatujafika kwenye mlango wa ofisi alisimama akaniuliza, "Ulimwacha kwa nini?"

"Nilimwonea huruma, sista."

"Huruma isiyofanya kazi ni uvivu uliojifunga khanga," alisema. Kisha akagonga mlango.

Beatus sasa ni mtu mzima, analima Chita, ana watoto. Tulionana mara moja stesheni akanisalimia vizuri, akanionyesha mkewe, akamwambia, "Huyu ndiye nesi aliyeniuguza." Nilimjibu "marahaba" tu, nikamshika mkewe mkono. Sijui kama aliwahi kujua. Mama yake nilimwambia wakati ule ule, na alinisamehe haraka kuliko nilivyotaka.

Miaka ilipita. Leokadia alistaafu, akarudi kwao kulima ndizi. Wodi ilipata mashine ya oksijeni, na kile kidude cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni ya mwili, ambacho wauguzi vijana hukiamini kuliko macho yao. Tukampata pia Daktari Salehe, mzaliwa wa hapa hapa Ifakara, baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Alikuwa amerudi kutoka masomoni, na alikuwa na ugonjwa wa kufundisha. Hata ukimletea chai alikueleza jambo.

Siku moja nilimweleza habari za Beatus. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta karatasi, akachora duara mbili, moja kwa mstari mnene na nyingine kwa nukta.

"Vimelea vingi vya nimonia vina ukuta," alisema, akionyesha ya kwanza. "Dawa za jamii ya penisilini huuvunja ukuta huo. Sasa kuna kingine hakina ukuta kabisa. Hiki ukikipiga kwa penisilini wiki nzima, hakina habari. Kinataka dawa za namna nyingine."

"Na mdomo na macho?"

"Kwa watoto wachache, hasa hawa wakubwa wa shule, mwili unapopigana na kimelea hiki unajidhuru wenyewe. Mdomo, macho, sehemu za siri, kote kwenye ngozi ile laini yenye unyevu. Ngozi ya nje mara nyingi inapata malengelenge machache tu. Lakini mama Skola, dawa nazo zinaweza kuleta kitu kinachofanana sana, hasa zenye salfa. Hapo ngozi ya mwili huchubuka zaidi. Kuvitofautisha ni kazi."

"Unavitofautishaje?"

"Kwa kuuliza kipi kilianza. Ndiyo maana nakwambia ni kazi."

Nilihifadhi ile karatasi yenye duara. Nilidhani huenda sitaihitaji, kwa sababu watoto wa namna hiyo hawaji kila mwaka.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu, mwishoni mwa masika, mpunga wa bonde zima ukiwa unageuka rangi, alipoingia mtu mrefu na mtoto mikononi. Jina lake Masanja, Msukuma, mfugaji na mkulima aliyehamia upande wa Masagati miaka mingi nyuma. Alikuwa amemtoa binti yake huko kwa bodaboda hadi Mlimba, wakapanda treni hadi hapa. Binti aliitwa Kabula, alikuwa na miaka tisa, amefunikwa kitenge usoni kwa sababu mwanga ulimchoma.

"Shikamoo," alisema Masanja. Sijawahi kusikia shikamoo yenye hasira namna ile.

"Marahaba, baba. Mlaze hapa."

"Kabla sijamlaza, tazama hivi." Alitoa mfukoni kikaratasi chenye vidonge vinne vyeupe. "Hivi ndivyo vilivyomchoma mwanangu. Yule kijana wa zahanati amempa sumu. Ndugu zangu wako kule wananisubiri nipige simu tu."

"Ukipiga watafanya nini?"

"Utasikia."

Kijana wa zahanati aliitwa Edson, tabibu mwenye mwaka mmoja tu kazini. Nilimfahamu kwa sababu alifanya mazoezi kwenye wodi yetu. Alikuwa mwangalifu na mwenye haya, aina ya kijana anayeomba radhi kwa kiti akikigonga. Barua yake ya rufaa ilikuwa kwenye mkono wa Masanja pamoja na vile vidonge. Ilieleza homa, kikohozi, vidonda vya mdomo, na kwamba alimpa vidonge vya salfa na kesho yake alipomwona amezidi akamtuma kwetu bila kuchelewa. Ila hakuandika kila dalili ilianza siku gani.

Nilifunua kitenge. Midomo ya Kabula ilikuwa imefunikwa na gamba jeusi la damu iliyoganda. Mate yalitiririka kwa kuwa hakuweza kuyameza. Kope zimegandana. Nilihesabu pumzi, arobaini na nne kwa dakika, nyingi mno kwa umri wake. Nikamvua nguo zote taratibu nikatazama mwili mzima: malengelenge kama kumi tu, kifuani na mikononi, mengine yana doa jeusi katikati. Mgongo safi. Miguu safi. Daktari Salehe alipofika nikamwonyesha, nikamkumbusha ile karatasi yenye duara.

Tulimwekea oksijeni na dripu. Vidonge vya salfa vikasimamishwa siku hiyo hiyo, maana hata kama huna uhakika hutaongeza kuni kwenye moto. Eksirei ilionyesha nimonia, na daktari akaandika ile dawa ya kimelea kisicho na ukuta. Kisha akaniambia, "Kipimo cha kuthibitisha hatuna hapa. Nenda kaulize wewe. Baba huyu akiniona na koti hili atanijibu kama polisi."

Nilimkuta Masanja kwenye benchi la nje, simu mkononi. Nikaketi.

"Baba Kabula, hivyo vidonge tuviache kwanza. Nieleze kikohozi. Kilipoanza mlikuwa mnafanya nini shambani?"

Alifikiri. "Tulikuwa tunafukuza ndege. Kabula alikuwa anapiga kelele na wenzake kule juu ya dungu la kulindia mpunga, sauti ikamkauka. Tukadhani ni kelele."

"Na macho?"

"Macho..." Akageuza simu mkononi. "Siku mama yake alipojifungua. Nilimwita Kabula aje amwone mdogo wake, nikamkuta amesimama mlangoni amefumba macho, anasema mwanga unamchoma. Midomo ilikuwa imepasuka. Bibi yake akasema ni wivu, analia kwa sababu amepata mdogo. Tukamcheka."

"Zahanati mlikwenda lini?"

"Mtoto alikuwa na siku mbili. Nakumbuka kwa sababu nilipita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kumwambia nimepata wa kiume, ndipo nikaenda..."

Hakumalizia. Alitazama kile kikaratasi kilichokuwa kwenye goti lake. Alikuwa ameliona jibu mwenyewe.

"Kwa hiyo si vidonge?" aliniuliza baadaye.

"Kwa uhakika wote sijui, na daktari naye hatakudanganya. Tumevisimamisha, na tutaandika kwenye kadi asipewe tena mpaka waliotuzidi utaalamu wamchunguze. Ila macho na midomo vilianza siku mbili kabla Kabula hajameza kidonge hata kimoja. Hilo umesema wewe, sikulisema mimi."

Aliinuka, akaenda pembeni ya ua, akapiga simu. Aliongea Kisukuma kwa muda mrefu. Nililielewa neno moja tu, jina la Edson, na sauti aliyolitamkia ilikuwa imeshuka.

Mimi nami nilimpigia Edson.

"Mama, nimeshafungasha begi," alisema.

"Lifungue. Wameambiwa wasije."

Nilisikia akivuta pumzi. "Nilimuua, mama?"

"Yu hai, na aliletwa mapema kwa sababu ulimtuma mapema. Kosa lako ni moja. Hukuandika siku ya kwanza ya kila dalili. Ungeandika, ungejua mwenyewe kwamba mdomo ulitangulia, usingehitaji kufunga begi."

Kazi yenyewe ya kumuuguza Kabula haikuwa na maajabu. Dawa ya kifua ilikuwa ya mara moja kwa siku. Kilichobaki chote kilikuwa mikono. Asubuhi tulimwekea mpira wa kulishia puani, tukampitishia uji mwembamba wa mchele na maziwa, maana mtoto mwenye mdomo ule anakufa kwa njaa na kiu kabla ya kufa kwa nimonia. Dawa ya maumivu tulimpa nusu saa kabla ya kumgusa, si baada ya kulia. Midomo tuliilainisha kwa mafuta ya mgando, kwa wingi, bila kubandua gamba kwa nguvu. Mdomo tuliusafisha kwa maji ya chumvi yaliyopozwa.

Siku ya pili niliona jambo ambalo chati haikuwa nalo. Kabula alikuwa hajakojoa tangu jana yake jioni. Dripu ilikuwa inaingia, tumbo chini limejaa, naye amebana miguu. Nikawaomba wengine watoke.

"Inauma ukikojoa?" Alitikisa kichwa kukubali. Midomo haikumruhusu kusema. "Kuna vidonda huko pia?" Akakubali tena, machozi yakijipenyeza kwenye kope zilizofungwa.

Nilileta beseni kubwa, nikajaza maji ya uvuguvugu, nikamketisha ndani yake kama mtoto mchanga. "Kojoa humo humo kwenye maji. Hayataunguza, na hakuna atakayekugombeza." Alisubiri kidogo, kisha nikamwona mabega yanashuka. Tulikaa pale robo saa nzima, yeye amelala kifuani kwangu na sare yangu imelowa mpaka kiunoni. Wadogo zangu wa wodi, hilo la beseni halimo kwenye vitabu vingi. Liwekeni kichwani.

Macho ndiyo yaliyokuwa vita. Kila baada ya saa mbili, mchana kutwa, tuliyaloweka, tukafungua kope, tukaosha, tukapaka dawa. Mara moja kwa siku daktari wa macho alikuja na matone ya ganzi na kijiti laini cha kioo, akakipitisha ndani ya kope kuachanisha kilichoanza kushikana. Hata kwa ganzi mtoto alihangaika.

Siku ya tatu Masanja alinishika mkono. Hakunishika kwa nguvu, ila alinishika.

"Mama, nakuomba. Mwache leo. Kifua chake kimepoa, mwenyewe unaona. Mwache apumzike leo tu."

Nilikuwa nimeshika pamba iliyolowa. Na kusema kweli, mkono wangu ulitaka kukubali. Kabula alikuwa amejikunja ukutani, na nilijua ningemwacha angelala usingizi mzuri, na mimi pia ningepumzika.

Nikaweka pamba chini. Nikamwambia Masanja habari za Beatus. Nilimweleza kwa sauti ya kawaida, mbele ya akina mama wengine na wauguzi wawili wa mazoezi: siku mbili nilizomwacha, uongo niliouandika kwenye chati, na lile jicho. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo hadharani. Nilipomaliza nikamwambia, "Ukisema nimwache, nitamwita daktari tulizungumze, kwa kuwa wewe ni baba. Lakini mimi kwa hiari yangu siachi."

Masanja alimtazama binti yake. Kisha akaenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kama alivyokuwa akituona tunafanya. Akarudi, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, akashika kichwa cha Kabula kwa viganja vyake vikubwa vya mchunga ng'ombe.

"Haya," alisema. "Mimi nashika."

Tangu hapo kazi ile tuliifanya wawili. Akawa anaijua saa kuliko sisi. Muuguzi akichelewa dakika tano alimkuta Masanja ameshanawa, amesimama kando ya kitanda, anatazama tu ukuta wenye saa. Akina mama wa wodi walianza kumcheka, mwanaume peke yake kati yao, anafua nguo za mtoto na kupaka mafuta ya mgando. Kisha wakaanza kumwomba awashikie watoto wakienda kuoga.

Siku ya saba niliosha jicho la kulia likafunguka lenyewe kabla sijaligusa. Kisha la kushoto. Kabula alipepesa, akatazama dari, akanitazama mimi, akamtazama baba yake kwa muda mrefu.

"Baba," alisema kwa sauti iliyokauka, "mbona umekonda?"

Masanja aligeuka akaondoka haraka. Nilimsikia kwenye korido akipenga kamasi kama mtu mwenye mafua makali. Aliporudi akaniambia neno la kwao, "Wabeja, mayu." Asante, mama.

Waliondoka wiki iliyofuata. Kabula alibaki na madoa meusi pale malengelenge yalipokuwa, na macho makavu yanayohitaji matone kila siku, hasa wakati wa vumbi la kiangazi. Kope hazikushikana. Daktari Salehe alimwambia Masanja wazi kwamba hali hii kwa watoto wengine hurudi wakipata kikohozi kingine, na kwamba dalili ya kwanza ikitokea mdomoni au machoni asingoje.

Edson alinipigia baada ya mavuno.

"Mama, baba Kabula amekuja zahanati. Nilipomwona getini nilitokea mlango wa nyuma."

"Edson!"

"Nilirudi, mama. Nilizunguka jengo nikajiambia hapana. Nikamkuta amekaa kwenye foleni na wengine, amembeba yule mtoto mchanga. Nikamwita kwa zamu yake. Akaniamkia, mama, mtu mzima kama yule akaanza yeye kunisalimia. Akasema mtoto ana kikohozi cha siku mbili, homa hana, pua inaziba usiku, hanyonyi vizuri tangu jana asubuhi. Alinitajia vyote kwa siku zake, kimoja kimoja. Nikawa naandika tu."

"Na mtoto?"

"Mafua tu. Nikamweleza. Akasema, 'Haya, umesema wewe,' akaondoka."

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuuliza.

Kikohozi cha Kabula kilirudi mwaka wangu wa mwisho kazini. Safari hii midomo ilianza kuuma asubuhi, na mchana alikuwa tayari kwa Edson. Edson akapiga simu, akaandika barua yenye siku na saa za kila kitu, akawatuma. Walifika Ifakara Kabula akiwa anatembea mwenyewe, ana kidonda kimoja ndani ya shavu na midomo imevimba kidogo. Dawa ikaanza saa ile ile, na matone ya macho yakawekwa kabla macho hayajawa na neno. Hakuhitaji mpira wa puani wala oksijeni. Kazi kubwa niliyoifanya kwake ilikuwa kumsikiliza akilalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari.

Siku ya tano aliruhusiwa. Nilikwenda na kadi yake nikakuta kitanda kitupu. Nikamtafuta nje, nikamkuta nyuma ya jengo la kufulia pamoja na binti mwingine wa wodi, wamechutama, katikati yao embe bichi lililokatwa vipande, chumvi, na pilipili ya unga kwenye kipande cha gazeti. Mtu aliyetoka kuumwa mdomo! Nilifungua kinywa nimgombeze kwa nguvu zangu zote za miaka mingi.

Kabula alichovya kipande kwenye pilipili, akakitia mdomoni, akatafuna akiwa amefumba jicho moja kwa ukali wa embe.

"Inawasha?" nilimuuliza.

Akafikiria, akapitisha ulimi kwenye midomo yote miwili, wa juu na wa chini, kwa utulivu kabisa.

"Inawasha, bibi," alisema, "lakini haiumi." Akanisogezea gazeti.